Wiki Ilipoingia Kibanjani

Majina mengi ya vyakula hutuambia kitu chenyewe kikoje au kimetoka wapi. Sukuma wiki haituambii hata kimoja kati ya hayo. Halitaji jani, halitaji rangi, halitaji ladha. Linataja kazi tu: kuisukuma wiki mpaka ifike mwisho, mpaka mshahara utoke na nyama ionekane tena mezani. Ni jina lililotungwa na watu wenye njaa ya kiasi na ucheshi mwingi. Na tukilitazama vizuri, ni jina la watu wanaolipwa ujira.

Jina hili tumelipata kwa majirani zetu wa Kenya, tukalipokea lilivyo. Kwetu Kanda ya Ziwa lina utani wake, kwa sababu Wasukuma ni majirani. Hakosi mtu sokoni Bukoba atakayeuliza, "Wasukuma wana wiki yao, sasa wiki ya Wahaya iko wapi?" Watu wanacheka, mama anafunga fungu lake, biashara inaendelea. Lakini mimi hilo swali limenikaa kichwani miaka kadhaa sasa, kwa sababu nadhani lina jibu, na jibu lenyewe ni kipande cha historia yetu ambacho hatujakiandika sana. Wahaya hatukuwa na wiki ya kusukuma. Tulikuwa na kibanja.

Tuanze na mmea wenyewe. Sukuma wiki ni ndugu wa damu wa kabichi. Kabichi, koliflawa, brokoli na sukuma wiki, kwa wataalamu wa mimea, vyote ni spishi moja, Brassica oleracea, iliyochaguliwa na wakulima kwa karne nyingi mpaka ikawa na sura tofauti. Asili yake ni Ulaya na nchi za Bahari ya Kati. Mrumi Cato, aliyeandika kuhusu kilimo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, aliisifia kabichi kama mtu anayesifia dawa ya kila ugonjwa. Sukuma wiki ndiyo aina iliyobaki karibu zaidi na mababu zake: haifungi kichwa, inatoa majani tu, chini kwenda juu, na shina linarefuka kadiri unavyochuma.

Jambo la kukumbuka ni kwamba huu ni mmea wa baridi, na unaishi kwa kalenda ya baridi. Kwa kawaida maisha yake ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani. Kisha hupita kipupwe, wiki kadhaa za baridi kali, na baridi hiyo ndiyo inayouambia kwamba mwaka umepita. Masika ya Ulaya yakifika, unachanua maua ya njano, unatoa mbegu, unakufa. Bila baridi hiyo haupati taarifa. Unaendelea kutoa majani kama mtu aliyeambiwa asubiri barazani na kila mtu akamsahau.

Sasa uchukue mmea huo uulete Bukoba. Mji uko kusini kidogo tu ya ikweta, kando ya ziwa ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Usiku wa Kamachumu, kule juu Muleba, utavaa sweta, lakini hakuna barafu, hakuna baridi ya kuuamsha mmea kutoka Ulaya. Mvua ni nyingi, mwambao wa ziwa unapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo sukuma wiki ya kwetu, nyingi yake, haichanui. Inakua. Inakua mpaka inakuwa mti wa kumfikia mtu kifuani, shina gumu lenye makovu ya majani yaliyochumwa, na kishungi cha kijani juu. Kuna watoto wa Muleba wamekua wakidhani sukuma wiki ni mti. Na kwa kweli, kwa walivyoiona wao, ni mti.

Ilifikaje? Hapa maneno yanatusaidia kuliko nyaraka. Mwanahistoria David Schoenbrun, katika kitabu chake A Green Place, A Good Place cha mwaka 1998, aliandika historia ya kale ya kilimo cha Maziwa Makuu kwa kufuatilia maneno: neno la zao likizunguka kutoka lugha hadi lugha, linaacha alama kama nyayo kwenye tope. Tukijaribu njia hiyo kwa mboga yetu, tunaona kitu cha ajabu. Wareno waliijua sana mboga hii, wanaiita couve. Msumbiji jina hilo lipo mpaka leo, na Zimbabwe wanasema covo. Lakini Wareno hao hao walikaa pwani yetu pia, wakajenga ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakatuachia meza, bendera, mvinyo, gereza na nanasi. Couve hawakutuachia. Sidhani ni bahati mbaya. Pwani ina joto, na mmea huu joto la pwani haulipendi. Neno halikushika kwa sababu kitu chenyewe hakikushika.

Jina tulilonalo ni la zama nyingine kabisa. Sukuma ni Kibantu. Wiki ni Kiingereza. Kiswahili tayari kilikuwa na neno lake la siku saba, juma, tena la zamani na la heshima. Mbona hakuna aliyesema "sukuma juma"? Nafikiri ni kwa sababu juma ni muda wa swala na soko, lakini wiki ni muda wa bwana wa kazi, wa karani na karatasi ya mahudhurio. Jina hili lilizaliwa palipokuwa na ajira ya Kiingereza na nyanda za baridi kwa pamoja, na mahali pa namna hiyo ni Kenya ya walowezi. Aina mojawapo inayopendwa sana Kenya inaitwa Thousand Headed, yaani yenye vichwa elfu, na huko Uingereza hiyo ilikuwa chakula cha mifugo. Majani ya ng'ombe wa Uingereza yakawa kitoweo cha kibarua wa Nairobi. Ukilijua hilo, ucheshi wa jina unapata uchungu kidogo.

Basi Buhaya je? Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mapadri Weupe, wakitokea Buganda, walifika Kashozi mwaka 1892. Popote Wazungu hao walipokaa, bustani ya mboga ilikuwa sehemu ya makazi. Lakini kuona mboga kwenye bustani ya padri ni jambo moja, na kuipa nafasi kibanjani ni jambo jingine. Kibanja hakikuwa mahali pa kujaribujaribu.

Kwa msomaji asiyekijua: kibanja ni shamba la nyumbani la Mhaya. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage. Ndizi na maharage vinapikwa chungu kimoja. Wageni wengi, wakiona ule ukijani, husema ardhi ya Bukoba ni ya rutuba. Si kweli. Udongo wetu umetokana na mawe ya mchanga, na mvua nyingi imeuosha virutubisho kwa maelfu ya miaka. Toka nje ya kibanja hatua mia mbili tu, uingie rweya, nyika ya majani iliyo kati ya kijiji na kijiji, utaona udongo halisi ulivyo: majani magumu, mawe, na mihogo inayojikongoja. Rutuba ya kibanja ilitengenezwa na mikono. Ng'ombe walichungwa rweya, wakarudi jioni na samadi tumboni. Majani yalikatwa rweya yakaja kutandazwa chini ya migomba. Kizazi baada ya kizazi, utajiri wa rweya ulihamishiwa kibanjani, kapu kwa kapu, na wanawake ndio waliobeba makapu mengi zaidi.

Ndiyo maana kibanja hakiuzwi kirahisi. Ndani yake kuna kazi ya bibi na babu, na mara nyingi wamo bibi na babu wenyewe, maana wafu wetu tunawazika humo humo. Mgomba ukikatwa, mtoto wake yupo pembeni tayari. Hakuna msimu wa kupanda na kuvuna kama kwenye mahindi. Ukiamka una njaa, unakwenda nyuma ya nyumba na panga. Mtu wa namna hiyo wiki ataisukumia wapi?

Na walikilinda. Mwaka 1937, serikali ya Waingereza ilipotaka kulazimisha kanuni zake za utunzaji wa kahawa, Bukoba ilichafuka: watu walikusanyika, wakapinga, maofisa wakafukuzwa kwenye vibanja. Hoja haikuwa kwamba Wahaya hawajui kilimo cha kisasa. Walijua kahawa tangu zamani, wakiitafuna kabla mzungu hajafikiria kuinunua. Hoja ilikuwa nani mwenye sauti juu ya migomba iliyo juu ya makaburi ya wazee.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu sukuma wiki iliingia mahali hapo hapo bila amri, bila ofisa, bila fujo. Iliingiaje kimya kimya hivyo?

Njia zilikuwepo tangu zamani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwa zikaiunganisha Bukoba na Kisumu na bandari za Uganda. Kahawa yetu ilipita huko. Watu nao walipita huko. Luise White, kwenye The Comforts of Home, kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni, anaandika habari za wanawake wa Kihaya waliofika Pumwani miaka ya 1930, wakati bei ya kahawa ilipoanguka na vibanja vya baba zao vikawa mashakani. Waliuza miili yao, kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwepo, na fedha ilirudi nyumbani kuokoa mashamba. Kwetu habari hii husemwa kwa minong'ono au kwa matusi. Mimi naisoma kama historia ya kilimo. Wanawake hao waliishi ndani ya wiki, kwenye vyumba vya kupanga, ili ndugu zao wasihitaji kuijua wiki. Kibanja kilisimama, kwa sehemu, juu ya mgongo wao.

Lakini kibanja kilikuwa kinachoka. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilishaua mifugo mingi, na bila ng'ombe hakuna samadi. Watu wakaongezeka, vibanja vikagawanywa kati ya watoto wa kiume, kisha kati ya watoto wao. Fukusi wa migomba na minyoo ya mizizi wakapata nafasi kwenye udongo uliochoka, kisha ukaja ugonjwa wa Panama. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, na vita ilipokwisha 1979 mkoa ukabadili jina kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Kila familia ninayoijua ina hadithi yake ya miaka iliyofuata, na kwenye hadithi hizo karibu zote mtu wa mwisho kubaki nyumbani ni bibi, na watoto ambao si wa kuwazaa yeye.

Fikiria hesabu ya bibi huyo. Ng'ombe hawapo. Mikono ya kukata majani rweya iko makaburini. Mgomba mpya utampa mkungu baada ya mwaka au zaidi. Watoto wanataka kula leo jioni. Anahitaji kitu kinachoanza kuchumwa miezi miwili baada ya kupandwa, kinachoota kwenye tuta la hatua tano karibu na mlango, kinachoridhika na majivu na maji ya kuoshea vyombo, na kinachouzwa fungu fungu akitaka hela ya daftari. Kwa lugha nyingine, anahitaji kitu cha kusukuma wiki. Hapo ndipo jina lililotungwa kwa ajili ya vibarua wa Nairobi lilipopata maana Muleba. Wiki ya Wahaya ilikuwa imefika.

Halafu mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Muleba. Huu ulikuwa tofauti na yote yaliyotangulia. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Dawa hakuna. Unang'oa shina zima na watoto wake, unakata ua dume la migomba iliyobaki, na panga lako unalichoma moto au kulitakasa kabla hujagusa mgomba mwingine. Shangazi yangu, anayeishi si mbali na Kamachumu, aling'oa zaidi ya nusu ya kibanja chake. Nilipomtembelea, kwenye uwazi ule kulikuwa na mahindi, viazi, na kando ya nyumba safu ya sukuma wiki zilizosimama kama askari wazee.

Nilimwuliza zina umri gani. "Hizi? Huyu wa mwisho mwaka wa nne, mwanangu." Nikauliza mbegu alipata wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mbegu ya mgomba alipata wapi.

"Mbegu ya nini? Nilipewa na jirani."

Akanionyesha. Kwenye ubavu wa shina kuukuu kulikuwa na machipukizi, kila moja na majani yake manne matano. Unalibanjua kwa kidole, unapunguza majani makubwa, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, ndani ya wiki mbili tatu limeshika. Pakiti ya dukani aliinunua mara moja tu, zamani, ilikuwa ya Kenya. Tangu hapo ni machipukizi, mkono kwa mkono, kwa shangazi, kwa jirani, kwa mkwe wa jirani.

Nikaondoka pale nikiwa na furaha ya mwandishi aliyepata habari. Kwa sababu fikiria: mgomba wetu nao hauna mbegu. Kwa karne zote umesafiri kama chipukizi, kutoka kibanja hadi kibanja, zawadi ya harusi, zawadi ya jirani mpya. Wahaya walichukua mmea wa Ulaya usioweza kuchanua kwa kukosa baridi, wakaufanyia kile walichoufanyia mgomba siku zote. Mmea uliopoteza kalenda yake ukapewa kalenda ya kibanja, ambayo haina mwanzo wala mwisho.

Ili kuelewa ni kiasi gani kilichobadilika, inabidi kuuangalia mmea huo huo unapoishi kwa saa yake halisi. Nina mama mdogo Minneapolis, jimbo la Minnesota. Waliotazama Bongoland, filamu ya Josiah Kibira ya mwaka 2003, wanaijua kidogo hiyo baridi na Watanzania wanaohangaika ndani yake. Mama mdogo alitoka Muleba akiwa msichana. Bustani yake ni vitanda viwili vya mbao nyuma ya nyumba, na kila mwaka ananitumia picha WhatsApp kama mtu anayetuma picha za wajukuu.

Huko kilimo ni mbio. Kwa kawaida barafu ya mwisho huanguka mapema Mei na ya kwanza hurudi mwanzoni mwa Oktoba. Katikati una siku kama 150, na ukizubaa umekwisha. Kwa hiyo anaanzia ndani. Mwishoni mwa Machi, nje kukiwa bado na theluji, anasia mbegu kwenye vikopo chini ya taa, kwenye meza ya kufulia nguo. Mwishoni mwa Aprili anaanza kuizoesha miche: saa moja barazani siku ya kwanza, saa mbili ya pili, mpaka siku ya kumi inalala nje. Ukiitoa kwa pupa inababuka. Mei anaihamishia kitandani, mche na mche sentimita 45, na usiku ukitishia baridi anaifunika kwa kitambaa chepesi. Juni mchana unazidi saa 15, majani yanakimbia. Julai anachuma.

Kisha linakuja jambo ambalo shangazi wa Kamachumu hajawahi kulionja. Oktoba, wenzake wanang'oa nyanya zilizoungua na baridi, mama mdogo anasubiri. Barafu nyepesi sukuma wiki haiiui. Kinyume chake, mmea unapohisi baridi unageuza wanga wake kuwa sukari ili maji ndani ya majani yasigande kirahisi. Majani yanakuwa matamu. "Mwanangu, hii ya Novemba ukiila utasema nimetia asali," aliniandikia. "Kumbe siku zote kwetu tulikuwa tunakula mtoto, hii ndiyo mtu mzima." Desemba inakuja baridi yenyewe, ishirini chini ya sifuri, na mashina yote yanakufa yamesimama. Mwaka unaofuata anaanza upya, na pakiti mpya.

Kwenye pakiti hiyo pameandikwa Georgia. Ni jina la jimbo la kusini mwa Marekani, ambako mboga hii ina historia ndefu kwenye bustani za watumwa na wajukuu wao. Hapo kuna kichekesho cha historia. Mmarekani Mweusi anayemwona mama mdogo dukani ameshika pakiti ile humtabasamia, kwa sababu kwao hiyo ni mboga ya asili ya Kiafrika. Mmea si wa Afrika. Ila wanahistoria wa mapishi wanaona kwamba namna ya kuupika, kuchemsha majani taratibu na kunywa mchuzi wake, ilivuka bahari na Waafrika Magharibi. Na mbegu za jina hilo hilo, Georgia, zinauzwa pia na maduka ya pembejeo huku kwetu. Mmea umetoka Ulaya, umepita mikononi mwa Waafrika kule, umeletwa na Waingereza huku, na leo shangazi na mdogo wa mama yangu, ambao hawajaonana miaka, huenda wanachuma majani ya ukoo mmoja.

Lakini maisha ya mimea yao hayafanani. Wa Minneapolis unaishi miezi minane, na kila wiki yake imehesabiwa. Mama mdogo naye analipwa kila baada ya wiki mbili na anajua hesabu hiyo vizuri. Wa Kamachumu uko mwaka wa nne na hauna habari.

Ningependa kuishia hapo, kibanja kimeshinda, wiki imefugwa. Ila kuna jambo shangazi aliniambia baadaye kwa simu. Mnyauko wa migomba ulifikaje kwake? Wataalamu waliokuja kijijini walieleza kwamba wadudu wanaotembelea maua huueneza, panga chafu huueneza, na chipukizi lililotoka shamba lenye ugonjwa huueneza. Yaani ukarimu wenyewe ndio uliobeba maradhi. Watu waliokuwa wakipeana migomba tangu enzi za mababu wakaambiwa wasipeane tena bila kuulizana.

Na sukuma wiki ina ugonjwa wake wa namna hiyo. Unaitwa uozo mweusi, unaletwa na bakteria wa jenasi ile ile ya mnyauko, Xanthomonas. Unaanza pembeni mwa jani kama alama ya njano yenye umbo la V, mishipa inageuka myeusi, na mvua kama ya Bukoba huusambaza kwa kurusha matone. Unaishi kwenye mbegu, unaishi pia kwenye shina. Dawa yake ya kwanza ni ile ya migomba: usichukue chipukizi kwenye mmea unaoonyesha dalili, safisha kisu, hamisha tuta, na mara moja moja anza upya na mbegu safi. Mbegu safi maana yake duka, duka maana yake hela, na hela maana yake wiki.

Kwa hiyo shangazi siku hizi anafanya yote mawili. Ana tuta moja la pakiti na safu yake ya wazee. Akija mtu kuomba chipukizi, hamnyimi, maana kumnyima jirani mche ni kitu ambacho bado hakijaingia Buhaya. Anamwambia, "Ngoja kwanza tuyaangalie majani." Wanainama wote wawili, wanageuza jani moja moja kwenye mwanga, wanatafuta ile njano pembeni.